Majirani wa Ploti, Manyatta: Povu la Mama Adhis

*Alhamisi*

Mama Adhis, 18:42: Majirani, hamjambo. Jeri ya mafuta ya salad ya lita 10 nimefungua Jumatatu. Leo mafuta ni meusi kama chai ya rangi, na samaki wangu wa ngege akiingia tu povu linapanda mpaka mdomo wa karai. Naona nimeuziwa feki.

Ochi, 18:44: Na mafuta ya ile transfoma ya stima ya huku nyuma bado yako kweli, ama ndiyo umeuziwa? 😂

Mama Adhis, 18:44: Ochi, leo utakula samaki kwa macho.

Dada Fau, 18:51: Povu hilo si la feki, mama. Ukishamwosha ngege unamweka wapi?

Mama Adhis, 18:53: Kwa karai! Naosha, natia chumvi, natumbukiza. Watu wakishuka Kondele jioni wana njaa, hawangoji.

Dada Fau, 18:55: Haya, umejijibu. Unakaanga maji.

Baba Tony, 18:58: Fau amesema kweli. Maji yakikutana na mafuta ya moto huyavunja, na mafuta yaliyovunjika hutoa povu na kufuka moshi mapema. Chumvi nayo inaharakisha.

Mama Adhis, 19:00: Mwalimu, samaki asiyetiwa chumvi kabla ni wa nani? Kwenye ile michano haiingii baadaye.

Dada Fau, 19:04: Mtie, lakini mapema. Mchane, mpake, mwache nusu saa. Chumvi itavuta maji yatoke. Mfute kwa kitambaa, hadi ndani ya michano na tumboni, halafu mtundike upepo umpige kidogo. Weka neti, nzi wasikutangulie. Akiingia kwa karai mkavu utasikia sauti tofauti, mafuta hayatarukaruka.

Nekesa Mandazi, 19:10: Na moto? Mimi sina kipimo, natupa kipande cha unga. Kikikaa chini, bado. Kikipanda na mapovu madogo pembeni, weka. Kikiwa kahawia hapo hapo, umechelewa.

Baba Tony, 19:11: Hiyo ya katikati ni kama 170 hadi 180 selsiasi.

Nekesa Mandazi, 19:12: Haya mwalimu 😄 Na usijaze karai. Ukijaza mafuta yanapoa, chakula kinayanywa. Hapo ndipo lita zako zinaendea, Mama Adhis, tumboni mwa wateja.

Mama Adhis, 19:15: Nyinyi mna gesi. Makaa napunguza vipi?

Dada Fau, 19:16: Funga kile kimlango cha chini cha jiko. Na ukingoja wateja epua karai, usiache mafuta yachemke bure.

Baba Tony, 19:19: Mgongo wazi, ile mifupa inayobaki samaki akitolewa minofu, pia unakaanga humo humo?

Mama Adhis, 19:20: Ndiyo, wa mbuta. Naanza nao kwa sababu ni wa bei nafuu, unaisha haraka.

Dada Fau, 19:21: Weka mwisho! Ule unang'oka vipande, vinaungua chini, ngege wote wanaofuata wanaonja uchungu.

Ochi, 19:23: Si unaongeza tu mapya juu ya yale?

Baba Tony, 19:24: Yakishakuwa mazito na kunata, mapya nayo yanaharibika upesi. Hayo ya leo yamwage, Mama Adhis. Lakini si kwenye mtaro, tafadhali, mnakumbuka ulivyoziba Machi. Tia kwenye chupa, funga, tupa na taka.

Nekesa Mandazi, 19:27: Mapya uyachuje kila jioni kwa kitambaa cha pamba, ufunike, uweke mahali pa giza. Yapoe kwanza! Mimi nilichuja ya moto kwa jeri ya plastiki, jeri ikalala chini kama imezimia. Lita nne, sakafuni.

*Ijumaa*

Mama Adhis, 20:33: Povu limeshuka, kweli. Mafuta bado ni safi, naona hadi chini ya karai. Ila wateja wananiuliza kwa nini leo samaki wameanikwa kama soksi.

Ochi, 20:34: Soksi yangu ni ile ya pili kutoka kushoto. Nakuja na ugali.