Siku mbili Dar kutoka Dodoma, wanafunzi wawili: tuanzie wapi?

Chimwaga_22:
Wadau, habari za jioni. Mimi na rafiki yangu, wote wa kike na tuko mwaka wa pili hapa Dodoma, tunataka kwenda Dar wikiendi moja katikati ya Aprili. Kutembea tu, hatuna shughuli. Tunatoka Jumamosi alfajiri, tunarudi Jumapili jioni. Bajeti ni 150,000 kila mmoja, nauli ikiwemo. Tumeorodhesha Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho, Kariakoo, soko la samaki Feri, Kigamboni, Coco Beach na kisiwa cha Mbudya. Ndugu wa kufikia hatuna. Inawezekana? Na tulale upande gani?

Konda_Mstaafu:
Hiyo orodha ni ya siku nne, mdogo wangu. Nianze na safari yenyewe.

Pandeni treni ya umeme (SGR), basi liacheni. Nauli hazipishani sana (treni ya kawaida Dodoma–Dar ni 31,000), ila basi litawashusha stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka pale hadi mjini mna foleni nyingine ya kula mchana wenu. Treni ni kama saa tatu na nusu hadi nne, na inawashusha mjini kabisa, Gerezani, hatua chache kutoka Kariakoo. Mchongoko (treni yenye pua iliyochongoka) na ekspresi ni ghali zaidi na muda mnaookoa ni mdogo, kwa hiyo tafuteni ya kawaida kwanza.

Tiketi kateni mtandaoni mapema, siti za wikiendi huisha. Mfumo utawapa namba ya kumbukumbu ya malipo. Lipeni kwa simu papo hapo, kwa sababu namba ina muda wake, na ukipita siti inarudi sokoni. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi. Wanafunzi wengi wanakwama hapo: tiketi imekatwa kwa jina la Facebook, kitambulisho cha NIDA kina majina matatu mengine kabisa. Stesheni ya Dodoma iko Mkonze, kwa hiyo bajaji ya alfajiri ipangeni usiku uliotangulia. Fikeni stesheni mapema, muda wa saa mbili kabla ya treni, kuna ukaguzi wa mizigo na milango hufungwa kabla ya treni kuondoka.

Kulala: watu watawaambia Sinza au Magomeni kwa sababu gesti ni nafuu na mwendokasi unapita Magomeni. Mwezi mwingine ningekubali. Aprili ni masika, na mvua kubwa ikipiga usiku, Mto Msimbazi unafurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro inafungwa na mwendokasi unasitishwa. Mtaamka Magomeni mnaliona jiji ng'ambo na hamna pa kupita. Laleni upande wa Kariakoo au Gerezani, mkiwa karibu na treni ya kurudi. Chumba safi cha watu wawili tengeni 35,000 hadi 40,000. Pigeni simu kabla na mseme wazi kwamba ni wasichana wawili chumba kimoja, maana gesti nyingi zina masharti kuhusu watu wawili wa jinsia moja, na nyingine zitawalazimisha vyumba viwili mkishafika mmechoka.

Mwambao_Msasani:
Naongezea upande wa bahari. Mbudya futeni. Mnatakiwa mtoke mjini hadi Mtongani, bajaji hadi Kunduchi, mlipe kiingilio cha hifadhi na boti, msubiri boti ijae. Hiyo ni siku nzima, na Aprili mvua na upepo wa kusi unaoanza hufanya boti zisite. Kisiwa hicho ni cha Januari au Septemba.

Coco Beach haina kiingilio, ila angalieni maji kabla ya kupanga saa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Dar hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa kabisa karibu saa 10 jioni na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na saa zimegeuka: yanajaa asubuhi, jioni yamekupwa. Mtu akienda Coco jioni ya maji mafu anakuta mawe ya tumbawe yamejitokeza na maji ya magotini, anarudi akisema ufukwe ni mbaya. Ufukwe hauna kosa, saa ndiyo imekosewa. Hata maji yakijaa, ogeleeni penye watu, na msitembee kwenye mawe bila viatu, kuna viumbe wenye miiba.

Feri nendeni Jumapili alfajiri, saa 12 hadi saa 2, wakati wa mnada. Baada ya hapo jua linapanda na harufu nayo. Msinunue mnadani, mafungu ni ya wachuuzi. Nendeni kwenye meza za rejareja, chagueni changu au tasi. Jicho liwe limetuna na linang'aa, ukifunua shavu matamvua yawe mekundu na si ya kahawia, ukibonyeza nyama irudi. Kisha mnampa wa kupara, halafu mnapeleka kwa wakaangaji. Hizo ni bei tatu tofauti: samaki, kupara, kukaanga. Ulizeni zote kabla kisu hakijagusa samaki, maana akishaparwa hamna tena nguvu ya kupatana.

Chimwaga_22:
Asanteni sana, Mbudya tumefuta. Sasa Jumamosi tukifika mchana tufanye nini? Na makumbusho hayo mawili yako karibu? Majina yanatuchanganya.

Samora_Kwa_Miguu:
Hayako karibu, dada. Makumbusho ya Taifa iko mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Kijiji cha Makumbusho kiko Kijitonyama, Barabara ya Bagamoyo, karibu na stendi ya daladala ya Makumbusho. Ukimwambia dereva "Makumbusho" tu, atakupeleka stendi. Mkitaka ya mjini semeni "Posta, Makumbusho ya Taifa".

Jumamosi wekeni mizigo gesti, kuleni, kisha tembeeni kwa miguu, mji wa zamani ni mdogo. Kutoka Gerezani fuateni Sokoine Drive mkiacha reli nyuma. Mtakuta Boma la Kale, jengo la enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860, mkabala na boti za Zanzibar. Pale wapigadebe watawavuta kuwauzia tiketi za boti. Endeleeni kutembea, msijibu hata "hapana". Mbele kuna Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililokamilika 1902, na baada yake Azania Front la Walutheri, lenye mnara na vigae vyekundu. Pandeni juu kidogo hadi Barabara ya Samora kwenye Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Mkipotea baadaye, mtazameni huyo askari: singe ya bunduki yake imeelekea bandarini.

Kutoka hapo hadi Makumbusho ya Taifa ni dakika kumi na tano hivi. Ingieni kabla ya saa 9 alasiri, maana mkichelewa mtaharakishwa. Anzeni na chumba cha chimbuko la binadamu, kwenye habari za fuvu la Zinjanthropus (zamadamu) alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, halafu magari ya viongozi. Uani kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 1998, na watu wengi huipita bila kujua ni nini. Bebeni vitambulisho vya chuo, kiingilio cha mwanafunzi ni cha chini, na muwe na salio kwenye simu kwa sababu taasisi za serikali hazipendi noti mkononi.

Kutoka makumbusho chukueni teksi ya programu hadi Coco kupitia Daraja la Tanzanite. Bajaji mtakazoziona pembeni mwa mji ni nafuu, lakini katikati ya mji zina vikwazo, dereva atawazungusha. Daraja lina urefu wa kilomita moja na njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo mkitaka mnaweza kushuka upande wa hospitali ya Aga Khan na kulivuka kwa miguu kabla jua halijazama. Simu zikae mfukoni, za barabarani hunyakuliwa na wenye pikipiki. Pale Coco ni mihogo ya kukaanga na kachumbari, mishikaki na dafu.

Kijiji cha Makumbusho wekeni Jumapili baada ya Feri. Daladala za Posta kwenda Makumbusho au Mwenge hupita Ali Hassan Mwinyi, hazigusi Jangwani. Mwendokasi wa Morocco unapita Jangwani, kwa hiyo mvua ikiwa imenyesha msiutegemee. Kijijini kuna nyumba za makabila zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Ingieni ndani ya msonge wa Wahaya, msiishie kupiga picha mlangoni, maana mpangilio wa ndani ndio somo lenyewe.

Gezaulole:
Naona Kigamboni mmeinyima haki. Mkimaliza samaki Feri, pantoni iko palepale. Nauli ya mtu kwa miguu ni 200 na wengi hulipa kwa N-Card, kadi ya malipo. Kuvuka ni dakika chache. Msiende fukwe za mbali, vukeni, kunyweni chai ng'ambo, rudini na inayofuata. Mandhari ya mji kutoka katikati ya maji ni bora kuliko ya ghorofa yoyote. Ila msipige picha kuelekea Ikulu wala vyombo vya jeshi. Ikulu iko jirani kabisa na Feri na walinzi hawana mzaha.

Kariakoo msiifanye ziara ya makusudi. Mnalala hapo hapo, mtaipita mara nne. Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo kama kuna nguo ya kununua iwe Jumamosi kabla ya saa 11 jioni.

Chimwaga_22:
Na Jumapili jioni, kurudi stesheni kutoka Kijitonyama tutoke saa ngapi? Treni tuliyoiona ni ya jioni.

Konda_Mstaafu:
Ondokeni Kijitonyama ukiwa umebaki muda wa saa nne nzima kabla ya treni. Mbili ni za barabara, na hata Jumapili daraja la Salender linaweza kusimama watu wakitoka ufukweni. Mbili za kufika mapema stesheni. Mizigo msiiache gesti ya mbali, waombeni wa mapokezi waitunze baada ya kutoka chumbani asubuhi, wengi hukubali ukiuliza siku uliyoingia. Kwa hesabu: treni 62,000, chumba nusu yako 20,000, chakula 25,000, usafiri 15,000, viingilio 10,000. Hiyo ni 132,000. Inayobaki msiigawe, ndiyo teksi yenu ikinyesha.