Nobu ya hita ya MGB inazunguka bila kubadilisha joto: nianzie wapi?

Mwenye MGB ya 1972

Salaam kwenu nyote. Ninamiliki MGB ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya wazi yenye kabureta mbili, na kwa mwezi mzima sasa hita yake imenishinda. Hapo awali ilikuwa ikitoa hewa ya moto muda wote, hata nobu ikiwa upande wa baridi. Kisha siku moja, nilipoizungusha kwa nguvu kidogo, nilihisi kitu kikilegea nyuma ya dashibodi, na tangu hapo hewa inayotoka ni baridi tupu, niizungushe nisiizungushe. Feni inavuma vizuri, na nobu ya pili, inayopeleka hewa kwenye kioo cha mbele au miguuni, bado inafanya kazi.

Fundi niliyempelekea aliitazama kwa dakika chache, akasema hita nzima ishushwe na koki, ile inayofungua na kufunga maji ya moto yaendayo kwenye hita, ibadilishwe. Nimesita, kwa sababu kila aliyewahi kulitoa boksi la hita katika gari hili anasimulia jasho lililomtoka, nami sipendi kufungua kitu ambacho ubovu wake haujathibitika. Je, kuna namna ya kujua tatizo lilipo kabla ya kufungua chochote?

Spana na Bisibisi

Ndugu, umefanya vyema kusita. Koki ya hita ya MGB haimo kabisa ndani ya boksi la hita. Imefungwa kwa nati mbili nyuma ya silinda hedi (kichwa cha injini), upande wa distribyuta (kigawa umeme wa plagi), na unaifikia ukiwa umeinamia injini tu, boneti ikiwa wazi. Hata ikithibitika kwamba koki imekufa, boksi halina sababu ya kuguswa.

Njia ya maji ni rahisi kuifuata kwa mkono. Maji ya moto yanatoka kwenye silinda hedi, yanapita katika koki, yanaingia kwa hozi ya kwanza kwenye rejeta ndogo iliyomo ndani ya boksi la hita, kisha yanatoka kwa hozi ya pili na kurudi kwa bomba la chuma hadi kwenye hozi ya chini ya rejeta kubwa. Washa injini, isubiri ipate moto mpaka mshale wa joto utulie mahali pake pa kawaida, weka nobu upande wa moto, halafu zima injini na uguse hozi hizo mbili kwa tahadhari. Zikiwa baridi zote mbili, maji hayapiti kwenye koki, ama kwa sababu imefungwa, ama kwa sababu tundu lake limeziba. Ya kwanza ikiwa moto na ya pili baridi, rejeta ndogo imejaa uchafu. Zikiwa moto zote mbili na bado hewa ni baridi, hapo achana na maji na utafute kasoro upande wa hewa.

Mshale wenyewe uutazame pia. Thamostati ya kawaida ya gari hili, yaani vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto, ni ya nyuzi 82 za Selsiasi, na ikiwa imekwama wazi injini haitapata moto ipasavyo, kwa hiyo utailaumu hita bure.

Mwenye MGB ya 1972

Nashukuru sana. Nimefanya kama ulivyoelekeza: mshale unatulia katikati, lakini hozi zote mbili ni baridi. Nimejaribu pia kuusukuma kwa kidole mkono mdogo wa koki, ule unaovutwa na waya, nao unasogea, ingawa kwa uzito. Je, hii inamaanisha koki ni nzima na waya ndio uliokatika?

Mama wa Gereji

Mwanangu, usiseme umekatika kabla hujautazama ukifanya kazi. Mimi nimezihudumia gari hizi miaka mingi, na waya wa hita uliokatika nimeukuta mara chache mno. Kinachotokea mara nyingi ni kingine. Waya ule una sehemu mbili, waya mwembamba wa ndani na ganda la nje. Wa ndani hauwezi kusukuma wala kuvuta chochote ikiwa ganda halijabanwa imara kwenye ncha zote mbili. Klipu ya upande wa koki ikilegea, unazungusha nobu na ganda zima linateleza pamoja na waya, huku mkono wa koki ukibaki umelala palepale.

Mwombe mtu akae ndani azungushe nobu polepole, nawe weka macho kwenye koki. Ukiona ganda linasogea mbele na nyuma, umempata mwizi wako. Rudisha ganda chini ya klipu, acha lichomoze kidogo tu, kisha ukaze skrubu. Halafu kagua kile kishikio kidogo chenye skrubu kinachoushika waya wa ndani kwenye mkono wa koki. Skrubu hiyo hulegea, na mtu akiikaza kwa hasira huukata waya au kuupinda, na waya uliopinda hauendi sawa tena hata ukiunyoosha kwa koleo. Weka nobu mwisho wa upande wa baridi, sukuma mkono wa koki kwa kidole mpaka ujifunge kabisa, ndipo ukaze. Ukikaza nobu ikiwa katikati, utapata hita isiyofunga vizuri au isiyofunguka yote. Nadhani hapo ndipo lilipoanzia lile joto la kwanza lililokusumbua, na tangu uliposikia kitu kikilegea koki imebaki upande wa kufungwa.

Na kwa kuwa umesema mkono ni mzito, tia tone la mafuta mepesi kwenye ekseli yake na uusogeze mara kadhaa kwa kidole. Uzito huo ndio unaolisukuma ganda litoke kwenye klipu. Ukiufunga waya bila kuulainisha mkono, baada ya muda utarudi hapa na swali hilihili.

Mwenye MGB ya 1972

Mama, ulichokisema ndicho nilichokiona kwa macho yangu. Mke wangu alizungusha nobu nami nikaliona ganda likiteleza kama upana wa vidole viwili, na klipu ikiwa inaning'inia kwa skrubu iliyoshika kutu. Nimeibadilisha skrubu, nimelainisha mkono, nimepanga kila kitu kuanzia upande wa baridi. Sasa hozi ya kwanza inapata moto mkali, lakini ya pili ni vuguvugu tu, na hewa ndani ya gari ni ya uvuguvugu vilevile. Nilipokanyaga zulia upande wa abiria nilikuta pia unyevu, na sijui kama vitu hivi viwili vinahusiana.

Spana na Bisibisi

Hapo rejeta ndogo imeziba kiasi. Matope ya kutu hupenda kutulia upande wa nyuma wa injini hizi, karibu kabisa na koki, na koki ikifungwa miaka mingi yanaganda humo na ndani ya hita. Injini ikiwa imepoa kabisa, mwaga maji ya mfumo kwenye chombo, kwa kuwa kulanti, yaani maji ya kupozea injini yaliyochanganywa na dawa, ni sumu na wanyama huvutwa na utamu wake. Chomoa hozi zote mbili za hita, kisha pitisha maji safi kinyumenyume, yaani yaingie kwa hozi ya kutokea. Tumia msukumo mdogo tu. Rejeta hii ni ya zamani, na bomba lililofunguliwa kwa nguvu zote linaweza kuipasua. Endelea kubadilisha mwelekeo mpaka maji yatoke meupe. Kama unayo gasketi mpya, fungua pia zile nati mbili, utoe koki, na uchokonoe tundu la silinda hedi kwa waya.

Unapojaza maji tena, acha koki wazi kabisa na ujaze polepole, la sivyo hewa itabaki ndani ya hita na utadhani kazi yote imekwenda bure.

Kuhusu zulia, nusa unyevu huo. Kulanti ina harufu tamu na inateleza vidoleni. Ikiwa ni maji matupu, ni ya mvua. Chini ya matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo kuna mpira wa kumwagia maji unaoshuka kando ya boksi la hita. Ukiziba kwa majani, maji yanajaa na kuingia miguuni. Huo usafishe kwa waya laini kutoka chini.

Mwenye MGB ya 1972

Kazi imekwisha jana jioni. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai nzito yakiwa na vipande vya kutu, na ilichukua zaidi ya nusu saa kuyaona yakiwa meupe. Hozi zote mbili sasa zina joto linalokaribiana, na nobu ikigeuzwa upande wa baridi, ile ya pili inapoa yenyewe baada ya muda mfupi. Unyevu wa zulia haukuwa na harufu yoyote, na mpira wa kumwagia maji ulikuwa umejaa majani yaliyooza. Koki ya zamani ingali pale pale, na boksi la hita halikuguswa.