Watu saba, mikanda mitano: kwa nini tunakimbilia gari la juu na kuikwepa Noah?

Wakuu, salaam. Naleta hoja ambayo kila ikiguswa watu wanagawanyika. Mtu ana mke, watoto wanne, na mama yake mzazi anaishi nao. Anataka gari moja la kila siku: kazini, shule, sokoni, kanisani au msikitini. Akiomba ushauri anamwagiwa majina yale yale: Harrier, RAV4, X-Trail, Vanguard. Anayethubutu kutaja Noah au Voxy anaulizwa kama anataka kupiga abiria. Anayetaja Fielder anaambiwa atakwangua chini mpaka achoke.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Kwa familia nyingi za mjini zenye watu zaidi ya watano, krosova, yaani hizo Harrier, RAV4 na X-Trail, ni chaguo baya. Linalowafaa ni gari la siti saba au nane lenye sakafu ya chini na milango ya kuteleza, kama Noah au Voxy. Familia ya watu wanne inatosha kabisa kwenye wagoni kama Fielder. Gari la juu abaki nalo yule ambaye barabara yake ya kwenda nyumbani inalidai kweli.

Tuanze na hili la urefu, maana ndipo kila mjadala unapokwama. RAV4 ilipotoka mwaka 1994, na Harrier mwaka 1997, wazo lilikuwa mwonekano wa gari la porini na mwendo wa saluni. Harrier ilijengwa juu ya msingi wa Camry. Haina fremu ya chuma chini kama Land Cruiser au Hilux. Alichoongezewa mnunuzi ni nafasi kati ya sakafu na barabara. Fielder na Noah zina kama milimita 150 hadi 160, X-Trail na RAV4 zinacheza kwenye 190 hadi 200. Tofauti ni kama sentimita nne. Ni sentimita za maana, sibishi, kwa mtu anayepita juu ya jiwe au tuta lililojengwa na wananchi wenyewe bila kipimo. Lakini hazigeuzi gari la lami kuwa gari la shamba.

Halafu kuna fo-wili. Watu wengi wanaamini gari likiwa juu basi linavuta tairi zote nne. Nenda yadi yoyote hapa Dar, inama nyuma ya hizo krosova uangalie chini. Usipoona difu na propela shafti inayokuja kutoka mbele, hilo linavuta tairi za mbele tu, sawasawa na Fielder ya kawaida. Kwenye utelezi wa Lushoto au Rungwe wakati wa masika litazungusha tairi palepale, na uzito wake mkubwa utalizamisha zaidi. Pale tairi zenye kashata nzuri (meno ya tairi) zinasaidia kuliko urefu wa bodi.

Na mafuriko? Nimesikia watu wakisema gari la juu linapita Jangwani maji yakijaa. Hapo naomba tuwe makini sana kwa sababu ni suala la uhai. Injini inavuta hewa kupitia mdomo ulioko mbele, na kwenye krosova mdomo huo hauko juu kiasi mtu anachofikiria. Maji yakiingia kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda na injini imekwisha. Maji yanayokwenda kwa kasi yanabeba gari lolote la familia. Hakuna aina ya gari inayokupa ruhusa ya kuvuka.

Sasa niwape haki wenye hoja ya barabara, kwa sababu wanayo. Kipimo changu ni kilomita ya mwisho, ile kutoka lami hadi geti lako. Mtu wa Sinza, Tabata au Kijitonyama anapita lami au zege karibu njia nzima. Mtu wa ndani ya Chanika, Msongola au Madale ana makorongo, na mvua za Machi hadi Mei zinapochimba, barabara ya mtaa inaweza kusubiri muda mrefu kabla TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, haijafika na greda. Huyo akinunua X-Trail yenye fo-wili ya kweli nampongeza. Anayefuata shamba Kisarawe au Mkuranga kila wiki, vivyo hivyo. Ninayebishana naye ni yule wa kwenye lami anayenunua sentimita nne kwa ajili ya safari moja ya Desemba.

Nadhani tukiwa wakweli, kwa wengi wetu barabara ni kisingizio tu. Kinachotusukuma ni macho ya watu. Noah ya zamani, ile TownAce yenye injini chini ya siti za mbele, imebeba abiria Arusha, Moshi na kwingineko kwa miaka mingi. Kuanzia hapo jina likashikana na kazi ya abiria, na baba mwenye heshima zake hataki aulizwe anaelekea wapi na nauli ni shilingi ngapi. Lakini angalieni Alphard. Ni gari la umbo lilelile, milango ya kuteleza ileile, siti safu tatu vilevile, na leo wakubwa wanapanda nyuma yake na hakuna anayewacheka. Kwa hiyo umbo halijawahi kuwa tatizo. Tunachokidharau ni bei ya gari la jirani, na dharau hiyo ndiyo inayopanga watoto wetu wakae wapi.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Simama nje ya kanisa lolote la mjini Jumapili ibada ikiisha, utazame Harrier moja inapojaa. Baba kwenye usukani. Mama mbele na mtoto mdogo kapakatwa mapajani, mbele kabisa ya eabegi. Nyuma bibi katikati, watoto watatu wamebanana pande mbili, mmoja yupo nusu kwenye siti na nusu kwenye paja la mwenzake. Mikanda ni mitano, watu ni saba. Gari linaingia barabara ya Bagamoyo. Tunaliona jambo hili kila wiki na limekuwa la kawaida kabisa. Breki moja ya ghafla kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mama hana nguvu ya kumzuia mtoto yule. Hakuna binadamu mwenye nguvu hiyo.

Mtaniambia kuna Vanguard na Outlander zenye siti saba. Ni kweli zipo. Kabla hujalipa, fungua ile safu ya tatu ukakae mwenyewe. Magoti yanafika kifuani, na ukishaifungua buti limekwisha, mfuko wa shule hauna pa kwenda. Wish nayo iko karibu na hapo, ingawa kwa watoto wadogo inavumilika na mafuta inakula kidogo. Linganisha na Noah au Voxy za kuanzia mwaka 2007: mtu mzima anakaa nyuma kabisa akafika Morogoro bila kulalamika, sakafu iko chini, na milango inateleza pande zote mbili. Mama mwenye magoti mabovu anaweka mguu mmoja ndani, anashika mpini, ameingia. Kwenye Harrier mama yuleyule anapanda kama anapanda kitanda kirefu, na kushuka ni kazi zaidi. Na mkipaki Kariakoo mmebanwa na magari pande zote, mlango wa kuteleza unafunguka bila kumgonga jirani, na mtoto hawezi kuufungua kwa nguvu ukampiga bodaboda anayepita.

Pesa nazo tuzitazame kwa namba. Chukua mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, ambayo kwa anayeingia mjini kila siku ni kawaida tu. Fielder ya 1.5 kwenye foleni tuipe kilomita 12 kwa lita: lita 83. Harrier ya 2.4, ile tunayoiita tako la nyani, tuipe kilomita 8: lita 125. Petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, na tukipigia hesabu bei hiyo tofauti ni kama shilingi 125,000 kwa mwezi, milioni moja na nusu kwa mwaka. Hiyo ni ada ya mtoto kwenye shule nyingi. Noah ya 2.0 inakaa katikati, karibu zaidi na Harrier, na sitaficha hilo. Ni gari zito. Lakini gawanya mafuta hayo kwa watu wanaokaa ndani kihalali, hesabu inageuka.

Kwa anayeagiza kutoka Japani, ukubwa wa injini unaingia pia kwenye kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, halafu ushuru wa bidhaa: injini ya kuanzia sisi (cc) 1,001 hadi 2,000 inalipa asilimia 5, ikizidi 2,000 inalipa asilimia 10. Kwa hiyo Noah yenye sisi 1,986 iko upande wa nafuu, Harrier ya 2,362 iko upande wa ghali. Gari likizidi miaka 8 linaongezewa asilimia 15, likizidi 10 asilimia 30, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote. Pigeni hesabu yenu: kwa gari la zaidi ya miaka 10, kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe likiwa bandarini. Mamlaka ya mapato, TRA, ina kikokotoo chake mtandaoni, na thamani inayotumika ni ile ya kwenye mfumo wao, kwa hiyo usijidanganye na bei uliyokubaliana na muuzaji. Kwa wengine ndiyo maana namba D iliyotunzwa, yaani gari ambalo tayari lina usajili wa hapa wenye herufi zinazoanza na D, ya kununua mkononi kwa mtu, inashinda kuagiza.

Upande wa gereji, Noah ina mtego mmoja mkubwa na mafundi wote wanaujua: injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, iliyowekwa kwenye Noah na Voxy za mwaka 2001 hadi 2007, na kwenye RAV4 za miaka hiyohiyo. Pampu yake ya presha na nozeli ni ghali na haitaki mafuta machafu. Mtu aliyeumizwa na D4 ndiye anayesema Noah ni mbovu. Ya kuanzia 2007 ni injini nyingine kabisa. Gia boksi za CVT, yaani otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua, iwe Noah, Dualis au X-Trail, zinataka oili yake maalum. Ukiwekewa oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu ilikuwepo dukani, usimlaumu aliyetengeneza gari.

Kuna hawa wanaonunua Fielder halafu wanaweka spesa, vipande vya kuongeza urefu kwenye springi na shokapu, kuinyanyua. Sentimita mbili au tatu, sawa, gari litaishi. Ukizidisha hapo, shafti za mbele zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, mpira wa joint unachanika, grisi inamwagika, na tairi zinaliwa upande mmoja. Kama kweli unahitaji urefu na unapenda wagoni, tafuta Subaru Outback. Ni wagoni halisi, ina kama milimita 200 kutoka chini na tairi zote nne zinavuta. Spea zake ni ghali kuliko za Toyota na unahitaji fundi anayeijua, ila ndilo jibu kwa anayesema wagoni zote zinakwangua.

Kuhusu wagoni zenyewe sina mengi kwa sababu zinajitetea. Wakenya wameithibitisha Probox kwenye barabara na mizigo ambayo wengi wetu hatungethubutu. Kwa baba, mama na watoto wawili, Fielder unalaza siti za nyuma, unaingiza gunia la mchele na mkungu wa ndizi, unafunga mlango, unaondoka.

Inabaki hoja ya kuuza baadaye. Wanasema Harrier haikai, inanunuliwa hata kesho. Ni kweli. Na Noah? Ile sifa ya kupiga abiria tunayoikimbia ndiyo inayofanya mteja wake asikosekane, kuanzia mwalimu mwenye familia hadi mtu wa biashara ya usafiri. Na hoja ya safari ndefu za mwisho wa mwaka imepungua nguvu, angalau kwa watu wa Dodoma na Morogoro, tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024. Wa Moshi, Mbeya na Mwanza bado wanaendesha, lakini njia kuu ya kote huko ni lami. Tatizo lao linarudi kwenye kilomita ile ya mwisho ya kijijini, na kwa siku chache za sikukuu gari linaweza kupaki kwa jirani wa barabarani.

Nawasikiliza wanaopinga. Ila mwenye Harrier na watoto wanne ajibu kwanza: safari ya shule kesho asubuhi, wa nne anafunga mkanda gani? Na wenye Noah au Voxy wanaoishi kwenye barabara za vumbi, semeni shokapu na bushi zinawadumu muda gani, maana hapo nahitaji ushahidi wa wanaoendesha.