Mjadala: Muuza mbwa wa mbegu alazimishwe kumwonyesha mnunuzi mama wa mtoto anayemuuza, au tutakuwa tumeongeza ushuru mwingine tu?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Nimekaa na hili wiki tatu, leo nalimwaga.

Mwezi uliopita nilinunua mtoto wa German Shepherd kwa 350,000. Mtaa wetu wezi wa vioo vya magari wametuchosha. Tangazo lilikuwa safi: dume limekaa kwenye majani, "mbegu halisi, chanjo zote tayari". Muuzaji akasema tukutane kituo cha mafuta kwa sababu njia ya kwake mbovu. Akaja na bodaboda, mbwa yumo kwenye boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Siku ya nne akaacha kula. Ya tano anatapika na kuharisha damu, na ile harufu ukishainusa mara moja huisahau. Daktari kamtundikia dripu siku mbili, hakuvuka. Parvo, kile kirusi kinachoshambulia matumbo ya mbwa.

Baada ya kumzika ndipo nikakisoma vizuri kile kijitabu cha chanjo. Kazaliwa tarehe 2, kachanjwa parvo tarehe 16 mwezi huohuo. Wiki mbili! Umri huo macho ndiyo kwanza yanafunguka. Chanjo tatu, kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna hata stika ya kichupa. Simu ya jamaa haipatikani mpaka leo.

Sasa hoja. Tanzania Bara tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya 2008. Inakataza ukatili, inambana mwenye mnyama kwenye chakula, maji, malazi na tiba, na inataja wakaguzi. Nimeisikia ikitajwa kwa punda wanaobebeshwa kupita kiasi na ng'ombe wanaosongamanishwa kwenye malori. Kwa wazalishaji wa mbwa, binafsi sijaisikia hata siku moja.

Pendekezo langu ni dogo: mtoto wa mbwa auzwe pale alipo mama yake, mnunuzi amwone kwa macho. England wamefika huko. Tangu 6 Aprili 2020 dalali au duka haliruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa au paka wa chini ya miezi 6. Unamfuata mzalishaji mwenyewe, au unachukua kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Sheria wanaiita Lucy's Law, kwa jina la jike aliyeokolewa 2013 kwenye shamba la kuzalisha mbwa Wales, mgongo umepinda kwa kukaa kizimbani. Mnasemaje?

Mfugaji, Mbezi

Pole kwa mbwa, mkuu. Ila mimi nazalisha mwaka wa tisa sasa, na hilo pendekezo linaniumiza mimi, si aliyekuuzia.

Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, na kinasafiri na viatu. Wewe Jumamosi unazunguka mabanda manne kulinganisha bei, la nne ni langu. Umeniletea nini chini ya soli? Hapo sijasema wanaokuja kusoma ukuta na kuhesabu mbwa, kisha wanarudi usiku.

Halafu tuseme ukweli. Mteja anataka mbwa wa mbegu, chanjo kamili, kwa laki moja na nusu. Huyo mteja ndiye anayemlea tapeli.

Mleta mada

Viatu: beseni la maji yenye jiki mlangoni, na watoto nawaangalia nje ya wavu. Hilo lina dawa. La bei nakubali, na mimi mwenyewe nilimchagua yule kwa sababu alikuwa chini ya wenzake.

Daktari wa mifugo, Arusha

Niongee kidogo, maana hawa wanaishia mezani kwangu.

Jike huingia kwenye joto kila baada ya miezi sita au saba hivi. Mimba ni siku kama 63. Kunyonyesha wiki sita mpaka nane. Ukimpandisha kila joto, hana wakati wa kurudisha mwili. Mwaka jana nililetewa Rottweiler, uzao wa tatu ndani ya miezi 16, kakwama tangu jana yake. Nikipitisha mkono mgongoni nahesabu pingili moja moja. Namwandaa kwa upasuaji, mwenyewe yuko mlangoni ananiambia, "Dokta, okoa watoto kwanza, wameshalipiwa." Nilimwomba atoke nje. Watoto watano walipona, na mama naye, ila nilimtoa kizazi. Hajawahi kurudi kwangu, na siku hizi ananisema vibaya kwa wenzake.

Wapo wanaompandisha baba kwa binti, ili "mbegu isipotee". Wapo wanaokata masikio kwa wembe bila ganzi, ili mbwa aonekane mkali kwenye picha. Sheria ya 2008 inatosha kabisa kuwabana hao.

Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuwakuta. Afisa mifugo wa kata ana ng'ombe, ana kuku, ana machinjio, na pikipiki isiyo na mafuta. Ukienda kituoni kushtaki, unaulizwa, "Mbwa wa nani? Ameng'ata nani?" Kama hajang'ata mtu, shauri limekwisha.

Ningekuwa mimi, ningeanza na vile vijitabu. Kila chanjo iwe na stika ya kichupa yenye namba ya toleo, na muhuri wa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Ukikuta cha uongo, hiyo ni kughushi. Kesi ya kughushi polisi wanaijua hata usingizini.

Mchangiaji, Manzese

Nyie mnalia na mbwa wa laki tatu. Huku kwetu mtoto wa dada yangu kang'atwa na koko njiani akienda shule. Kidonda tulikiosha kwa maji na sabuni, sawa, lakini sindano tumezunguka hospitali mbili na ukoo mzima umechanga. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna wa kukurudisha. Makadirio ni watu kama 59,000 kwa mwaka duniani, na karibu wote wameng'atwa na mbwa. Na dawa inajulikana: chanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka hadi mwaka, ugonjwa unakata. Pemba walichanja mfululizo wakaufuta. Hela ya mkaguzi wa kukagua mbwa wa matajiri mnaitoa wapi wakati koko wetu hawajachanjwa?

Mleta mada

Kaka, hao koko wengine wametoka hukohuko kwa matajiri. Pita pembezoni mwa Tegeta uone chotara wenye mgongo wa German na mkia wa kienyeji. Jike akizeeka, au kijana akionekana "hakutoka vizuri", anafunguliwa geti usiku.

Mchangiaji, Nairobi

Msituonee wivu majirani. Sheria yetu ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ni ya miaka ya mwanzo ya sitini. Faini ya ukatili haizidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6. Mtoto mmoja wa mbwa anauzwa mara kadhaa ya hizo pesa. Wauzaji unawakuta kando ya barabara jua la saa saba, mbwa kafungwa utepe shingoni, anainuliwa mpaka kwenye dirisha la gari. Mtoto wako akishasema "Baba, anatuangalia", umenunua.

Mchangiaji, Tanga

Mimi mbwa haingii ndani kwangu, nina udhu wangu. Lakini tangu chuoni tulifundishwa habari ya yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Kumkondesha jike mpaka mifupa itoke, umuuzie mtu watoto wagonjwa, hiyo ni dhuluma mbili kwa mpigo.

Mfugaji, Mbezi

Narudi kwenye hoja. Mkiita leseni na ukaguzi, atakayefuatwa ni mimi mwenye bango getini. Huyo wa bodaboda na boksi la sabuni hana bango wala geti. Mimi nitalipa, yeye ataendelea kushusha bei.

Mleta mada

Ndiyo maana sikutaja leseni. Nilisema mama aonekane. Hilo halina risiti.

Mchangiaji, Dodoma

Watakodi mama. Hii Bongo, mkuu. Jike lolote litafungwa pale, uambiwe huyu hapa.

Daktari wa mifugo, Arusha

Atakayekodi utamjua. Omba awafungulie watoto. Kwa mama yao watamkimbilia, wanaingiza vichwa chini ya tumbo, na matiti utaona yamevutwa. Mama wa kukodi anawakoromea au anapanda juu ya kiti. Mfugaji wa Mbezi namfahamu kwa kazi yake, hawezi kuogopa jaribio hilo.

Mfugaji, Mbezi

Siogopi. Mje kwa miadi, mmoja mmoja, na viatu mnavua.

Mchangiaji, Mwanza

Jamani, mnanitisha. Jana nimemtumia mtu advansi ya laki moja, mtoto wa Boerboel, wiki saba. Nimempigia sasa hivi nikamwambia nataka nimwone mama kwanza. Amesema mama yuko Kahama kwa shemeji yake, na mtoto anaweza kuniletea stendi hata leo jioni.

Daktari wa mifugo, Arusha

Mwambie utamfuata Kahama.

Mchangiaji, Mwanza

Amekata.