MJADALA: Je, kibandiko cha picha kiseme kwamba mchoraji alikuwa mali ya mtu?

Mleta mada:
Wakuu, tujadili hili kwa hoja. Kule Moscow, katika jumba la sanaa la Tretyakov, kuna picha ya rangi za mafuta iliyochorwa 1784 na Ivan Argunov. Ni mwanamke kijana aliyevaa sarafani (gauni refu la Kirusi lisilo na mikono) nyekundu yenye utepe wa dhahabu, shati jeupe jepesi, shanga shingoni na kokoshniki, lile taji la kitambaa la wanawake wa Kirusi. Ametulia kabisa, hana haya wala majivuno. Jina lake halijulikani. Wapo wanaosema alikuwa mnyonyeshaji wa watoto wa bwana, wengine mwigizaji wa tamthilia za nyumbani kwa bwana.

Argunov mwenyewe alikuwa mtwana, mali ya ukoo wa Sheremetev, makabaila wa Urusi. Alizaliwa 1729, akafa 1802 bila kuachiwa huru. Msimamo wangu: hilo liandikwe pale pale chini ya jina lake, kila picha yake inapotundikwa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo sikuungi mkono. Argunov ni fundi aliyemchora hata Malkia Catherine wa Pili wa Urusi, 1762. Ukitanguliza utwana, mtazamaji anaanza kumwonea huruma na ule utepe wa dhahabu hauoni tena. Mwacheni mtu aheshimiwe kwa kazi ya mkono wake.

Mleta mada:
Umemtaja Catherine, vizuri. Mwaka 1767 malkia huyo huyo alitoa amri ya kuwakataza watwana kumpelekea malalamiko dhidi ya mabwana zao. Kwa hiyo mtu aliyeuchora uso wa malkia hakuruhusiwa kumwandikia malkia kwamba bwana wake anamwonea. Utalifichaje jambo hilo halafu useme unamheshimu? Na uzeeni Argunov aliwekwa kusimamia nyumba ya Sheremetev ya Moscow, uchoraji ukakoma karibu kabisa. Tunakosa picha ngapi kwa sababu hiyo? Huruma haina uhusiano na swali hilo.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono, ila tusimsahau mwanamke. Mtoto wa Argunov, Nikolai, naye alizaliwa mtwana, akamchora Praskovia Zhemchugova, mwimbaji wa ukoo ule ule. Huyo tunamjua kwa jina kwa kuwa alipata sifa jukwaani, akaachiwa huru 1798, na 1801 akaolewa na Nikolai Sheremetev, kabaila wa ukoo huo. Huyu wa 1784 amebaki na nguo tu. Kibandiko kikimtaja mchoraji na mmiliki wake, yeye anapata nini?

Mleta mada:
Hapo umenibana, dada. Kwake nisingeandika mnyonyeshaji wala mwigizaji, maana yote ni makisio. Ningeandika mwaka, mavazi, na kwamba hakuna aliyehifadhi jina lake. Utwana Urusi ulifutwa 1861. Hadi hapo ukoo mmoja ungeweza kuwamiliki mchoraji, mwanawe na mwimbaji aliyechorwa na mwanawe huyo. Mchangiaji wa kwanza, nikuulize: katika maneno hayo, lipi linalomzuia mtu kuuona utepe wa dhahabu?