Kaziba mtaro, nyumba yangu imejaa maji, halafu ananiambia NIFUGE PEREGE?!

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nimekaa juu ya meza ya chakula, maana viti vyote viko majini.

Wa Ngamiani mnamjua. Sitaji jina wala barabara ya ngapi, nikitaja namba tu hata mtoto wa chekechea atampelekea habari. Yule mwenye fremu tatu, kanzu pasi kali, anayeitikia salamu kwa kidevu. Eeh, huyohuyo.

Kaumwagia zege mtaro mbele ya fremu zake, ati wateja wasichafue viatu. Hakuacha hata tundu la kupitisha koleo. Humo chini mchanga umejikalia, pampasi zimejikalia, vifuu vya madafu na chupa za maji za nusu ya Tanga. Masika ikishuka, maji yanafika kwenye zege lake, yanapiga hodi, hayaitikiwi, yanageuka kuja kwangu.

Usiku wa kuamkia leo imenyesha ile isiyo na adabu. Alfajiri natoka na ndoo, godoro la watoto linaelea, jiko la mkaa limeshahamia kwa jirani. Yeye yuko juu barazani kwake, pakavu, kahawa mkononi. Nikamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee wangu, huu mtaro tuufungue basi."

Akapiga funda. Akanitazama mimi, akayatazama maji. Akasema: "Si ufuge perege."

Perege! Na kashata mdomoni!

Angenitukana ningejua nimetukanwa, yaishe. Hakusema hata changu wala kolekole, samaki wa watu wa pwani. PEREGE! Serikali ya mtaa nilishakwenda: mtaro ni wa watu wa barabara, wa barabara wanasema ni wa watu wa usafi, wa usafi wanasema ngoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sawa, nangoja. Lakini perege, wakuu? Na funda la kahawa kwanza?

Mla Mofa: Weka picha. Bila picha hizi ni porojo.

Binti Sahare: Huyo! Mamangu alimwambia apande mpunga. Wewe umependelewa, umepewa kitoweo.

Chini ya Mwembe: Mleta uzi tuliza munkari. Vifaranga vya perege unavitoa wapi? Nauliza kwa nia njema.

Mleta uzi: Mwembe, Mungu anakuona.

Fundi Pimamaji: Kufunika mtaro si kosa. Kosa ni kumwaga zege moja kwa moja. Unaweka slabu fupifupi za saruji, watu wawili wanainua, mtaro unazolewa, wanarudisha. Za chuma usithubutu, wiki haiishi ziko kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Halafu tazama na mwezi: mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari imejaa, mtaro unaomwaga baharini hauna pa kutolea. Hapo hata uwe msafi, maji yatasimama mpaka yatoke yale ya baharini.

Mleta uzi: Fundi, mimi sikugombana na bahari. Bahari haijaniambia nifuge perege.

Kobe Mzee: Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, tukasema mitaro imepona. Wapi! Usiku mtu anabeba taka zake kwenye kiroba, anachungulia huku na huku, chubwi. Asubuhi ndiye wa kwanza kulaumu serikali. Na wengine wamo humu humu.

Mtu wa Mikanjuni: Nyie wa Ngamiani mnadeka. Barabara zimenyooka tangu enzi za mkoloni, zina na namba, mtaro mnao mnauziba wenyewe. Sisi mvua ikinyesha ndiyo inachagua njia ipite wapi, na mwaka huu imechagua chooni kwangu.

Binti Sahare: Pole. Ila huku kwetu shida mbu. Maji yakituama kidogo tu, jioni huwezi kukaa barazani.

Mla Mofa: Mbu afadhali. Bajaji je? Wakiona wingu tu nauli imepanda, hata tone halijaanguka!

Kobe Mzee: Leo mmoja kanishusha njiani, ati mbele kuna dimbwi. Kwani anaendesha sukari?

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa mtaro.

Chini ya Mwembe: Ndiyo maana mimi sikuacha baiskeli. Tanga bila baiskeli ni Tanga gani? Dimbwi unanyanyua miguu, unapita.

Mtu wa Mikanjuni: Nina moja nauza, tairi mpya, kengele inalia. Ipo Makorora kwa shemeji.

Mla Mofa: Phoenix?

Mtu wa Mikanjuni: Phoenix, na kerea ya nyuma imara. Inabeba gunia.

Fundi Pimamaji: Bei?