Ulinganisho: njia nne za kujiandaa na usaili wa meneja wa bidhaa wa ngazi ya mwanzo, kwa aliyeko Mbeya

Binti_Uyole

Ndugu wachangiaji, habari za jioni. Nilihitimu shahada ya teknolojia ya habari hapa Mbeya mwaka jana, na wiki iliyopita nimeitwa katika usaili wa nafasi ya meneja wa bidhaa wa ngazi ya mwanzo, yaani mtu anayeamua huduma itengenezwe au iboreshwe vipi, kwenye kampuni ya Dar es Salaam inayotengeneza huduma za malipo kwa simu. Hatua ya kwanza itafanyika kwa video baada ya wiki sita, na watakaovuka wataitwa ana kwa ana. Barua imetaja maswali ya aina tatu: kubuni au kuboresha huduma, kusoma vipimo (takwimu zinazoonyesha huduma inavyokwenda), na uzoefu wa msailiwa mwenyewe.

Nina shilingi 180,000 ambazo ninaweza kuzitumia bila kusumbua mtu nyumbani, na jioni zangu ziko huru, kwa kuwa mchana ninasimamia duka la mama pale Mwanjelwa, ambalo pia lina huduma ya wakala. Nimezitazama njia nne. Ya kwanza ni kozi ya kulipia mtandaoni yenye cheti, itakayomeza karibu fedha zote hizo. Ya pili ni kusoma mwenyewe makala na video za bure, kwa gharama ya bando tu. Ya tatu ni kufanya usaili wa majaribio pamoja na wenzangu wawili tuliosoma wote. Ya nne ni kufanya kazi ndogo ya kweli, yaani kutafuta tatizo la watu wa hapa, kulichunguza na kupendekeza suluhisho, ili niwe na jambo la kusimulia. Wiki sita hazitoshi kuzifanya zote kwa ukamilifu, hivyo naomba mnisaidie kuamua ipi itangulie na ipi niiache.

Kihesa_Juu

Kamwene, mdogo wangu. Mimi ni wa Iringa, ila nafanya kazi hiyo hiyo Dar es Salaam kwa mwaka wa tatu sasa, na miezi michache iliyopita nimeanza kukaa upande wa wasaili. Nitasema ninachokiona nikiwa upande huo.

Usaili wangu wa kwanza nilishindwa, na nilishindwa kwa sababu ya njia yako ya pili. Nilikuwa nimetazama video nyingi mno, nikakariri hatua za kujibu: taja lengo, taja watumiaji, taja matatizo yao, pendekeza suluhisho tatu, chagua moja, taja kipimo. Nikaulizwa jinsi ya kuboresha huduma ya kuweka akiba kwa wafanyabiashara wadogo, nami nikazipita hatua zote sita kwa mpangilio mzuri. Msaili akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: huyo mfanyabiashara unayemsema, anaweka akiba saa ngapi ya siku? Sikuwa na jibu, kwa sababu kichwani mwangu hakukuwa na mtu yeyote, kulikuwa na neno "mtumiaji" peke yake. Muda uliobaki nilijitetea badala ya kufikiri.

Hatua hizo si mbaya, na hata leo ninazitumia kupanga mawazo yangu. Lakini kila msailiwa anakuja nazo, kwa hiyo hazimtofautishi mtu na mwenzake. Ninachokitafuta kwa mtu wa ngazi ya mwanzo ni kama anamjua binadamu anayemzungumzia, kama anaweza kuchagua jambo moja na kuliacha jingine kwa sababu anayoweza kuieleza, na kama nikimpinga atanisikiliza kabla ya kujibu. Mambo mawili ya mwisho huwezi kuyapata kwa kusoma peke yako, yanahitaji mtu aliyeketi mbele yako akikukatiza. Ndiyo maana mimi ningeitanguliza njia ya tatu na ya nne, na ya pili ningeipa wiki moja tu ya mwanzo ili upate msamiati.

Njombe_Baridi

Naheshimu maelezo ya dada wa Kihesa, ila naomba kozi isitupwe haraka kiasi hicho. Mimi nilisoma biashara, sikujua hata programu inapitia hatua gani tangu wazo mpaka kufika kwenye simu ya mteja, na kozi ya kulipia ilinipa mpangilio ambao nisingeupata kwa kuokota video hapa na pale. Kulikuwa na kazi za kila wiki zenye tarehe ya mwisho, na mtu aliyezisahihisha. Kwa mtu asiye na nidhamu ya kujisomea, tarehe ya mwisho ina thamani yake.

Hata hivyo nikiri kwamba katika sehemu tatu nilizosailiwa baadaye, hakuna aliyeniomba kile cheti. Kwa mwenye shahada ya teknolojia ya habari kama wewe, sehemu kubwa ya uliyokwisha kuyasoma chuoni yatarudiwa, na ninadhani shilingi zako zitafanya kazi zaidi mahali pengine.

Tukuyu_Mvua

Weka pembeni nauli na malazi ya Dar es Salaam kwa ajili ya hatua ya pili. Safari ni zaidi ya kilomita 800, na haifai uingie kwenye usaili ukiwa umeshuka basi asubuhi hiyo hiyo. Nyingine tenga kwa bando, na siku ya video uwe na simu ya pili yenye laini ya mtandao mwingine, maana umeme ukikatika kipanga njia cha intaneti cha nyumbani nacho kinazimika.

Mzee_wa_Iyunga

Binti, hongera kwa kuitwa. Nimefanya kazi ya mifumo ya kompyuta kwa muda mrefu, na nimeona vijana wengi wakijiandaa vizuri kwa maswali ya kubuni, kisha wakianguka kwenye vipimo. Mnalinganisha njia za kujiandaa kana kwamba maswali yote ni ya aina moja, wakati kila aina ina mazoezi yake.

Tuchukue swali la kawaida: idadi ya miamala imeshuka kwa asilimia 15 katika mwezi mmoja, utafanyaje? Kijana asiyejiandaa hukimbilia suluhisho, akataja punguzo au tangazo. Anayejua huanza kwa kuuliza. Je, kipimo chenyewe ni sahihi, au kuna hitilafu katika kuhesabu? Kushuka kumetokea ghafla siku moja au polepole? Ni mikoa yote au mmoja, kutuma au kutoa, wenye simujanja au wanaotumia menyu ya simu ya kawaida? Kisha hutazama nje ya kampuni. Mwezi Julai 2021 Serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu, na Septemba mwaka huo huo ikaipunguza kwa asilimia 30 baada ya malalamiko ya wananchi. Mtu aliyekuwa akitafuta kosa ndani ya programu peke yake katika kipindi kile angepoteza muda wake. Vivyo hivyo, kwa ukanda wetu, mavuno ya mpunga ya Mbarali na Kyela hubadilisha mzunguko wa fedha, na asiyejua msimu anaweza kuita tatizo jambo ambalo hutokea kila mwaka.

Maswali ya makadirio nayo ni ya kujizoeza kwa kalamu. Mfano: mkoa wa Mbeya unahitaji mawakala wangapi? Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.3 katika mkoa. Takribani nusu ni watoto, kwa hiyo tubaki na watu wazima 1,150,000. Nikikisia kwamba 70 katika kila 100 wanatumia huduma hizi, napata kama 800,000. Nikikisia kila mmoja anamfikia wakala mara nne kwa mwezi, ni mara 3,200,000, sawa na kama 107,000 kwa siku. Ikiwa wakala mmoja anahudumia wateja 40 kwa siku, tunahitaji mawakala wapatao 2,700. Msaili hatakubana juu ya 2,700. Atataka ueleze kwa nini ulikisia 70 wala si 90, na ni kisio lipi ukilikosea jibu lote linayumba. Zoezi hili halihitaji kozi wala kikundi. Fanya moja kila jioni, kwa sauti, kwa dakika kumi.

Mnyalukolo_88

Nitazungumzia njia ya nne, kwa sababu ndiyo iliyonipatia kazi, na pia kwa sababu nilianza nayo vibaya.

Nilitaka kutengeneza programu ya kuwaonyesha wakulima wa viazi mviringo bei za sokoni. Nilitumia wiki tatu kuchora kurasa zake kabla sijamuuliza mkulima hata mmoja. Nilipofika Isyonje, pale magunia yanapopangwa kando ya barabara, wakulima wakaniambia bei wanaijua, kwani wanapiga simu tu. Kilichowaumiza ni lumbesa: gunia linajazwa kupita mdomo wake, linashonewa kilemba, na bei inabaki ya gunia moja. Kwao swali lilikuwa uzito. Kurasa zangu zote nikaziacha, nikaanza upya na jambo dogo, daftari la kulinganisha uzito wa mzani na bei iliyolipwa, kwa wakulima tisa. Sikuandika hata mstari mmoja wa programu.

Kwenye usaili nilisimulia habari hiyo jinsi ilivyokuwa, pamoja na wiki tatu zilizopotea. Wasaili walitumia karibu nusu ya muda wao kuniuliza kuhusu daftari lile: kwa nini tisa, nani alikataa kushiriki, ningefanya nini kama ningekuwa na mwezi mmoja zaidi. Niliweza kujibu yote kwa sababu nilikuwapo. Kwa hiyo ukiichagua njia hii, hofu ya kwamba huna muda wa kutengeneza programu iondoe. Anza na kuuliza watu, na ukiishia hapo bado una kitu cha kusema.

Kihesa_Juu

Mnyalukolo amenikumbusha jambo ambalo nililipita niliposoma mada mara ya kwanza. Mdogo wangu, umesema mchana unasimamia duka lenye huduma ya wakala, pale Mwanjelwa, na unaomba usaili kwenye kampuni ya malipo kwa simu. Njia ya nne hauhitaji kuitafuta, umekaa nayo kaunta kila siku. Wateja wangapi wanakutajia namba ya siri kwa sauti ili uwabofyee? Wangapi wamekosea namba wakati wa kutuma ilhali jina la mpokeaji lilijitokeza kwenye skrini kabla hawajathibitisha? Floti, yaani salio la wakala kwenye simu, inakuishia saa ngapi?

Binti_Uyole

Ndaga fijo, dada. Nimesoma swali lako la floti nikiwa dukani, na kwa kweli sikuwahi kufikiri kwamba ni jibu la usaili. Floti hutuishia jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja, kwa sababu wafanyabiashara wa sokoni wanafunga hesabu na wote wanataka kuweka. Kila anayeweka anakula floti na kutuachia fedha taslimu. Shangazi yangu ana uwakala Mbarali, na kwake ni kinyume: wakati wa mavuno watu hupokea malipo kwenye simu na wanataka kutoa, hivyo floti inamjaa na taslimu inamwishia. Tatizo linaitwa kwa jina moja, ila suluhisho lake haliwezi kuwa moja.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kozi ninaiacha. Wiki ya kwanza nitasoma vya bure kwa ajili ya msamiati. Kuanzia kesho nitaandika kwenye daftari, bila majina wala namba za wateja, kila mara tunapomrudisha mtu: saa, alitaka kuweka au kutoa, na kiasi gani. Makadirio ya Mzee wetu nitayafanya kila jioni. Kinachonitia wasiwasi ni kikundi. Sisi watatu hatujawahi kusailiwa, je, hatutakuwa tunapotoshana?

Kihesa_Juu

Mtapotoshana mkisifiana. Mpangieni kila mtu nafasi: mmoja anajibu, mmoja anasaili na ana ruhusa ya kukatiza, wa tatu anakaa kimya akiandika maneno yenyewe yaliyosemwa. Dakika 35 kwa swali, kisha wa tatu anasoma alichoandika. Mtu akisikia mwenyewe kwamba alitaja suluhisho dakika ya pili, kabla hajauliza lolote, hahitaji mtaalamu wa kumwambia. Rekodini sauti pia. Jumamosi ya tatu mimi nitaungana nanyi kwa video kama msaili, na sitawaambia swali mapema.

Mzee_wa_Iyunga

La Jumamosi hii nawapa mimi, na kwa kuwa binti ana faida ya duka, ajibu mwenzake asiye na duka. Wakala wa sokoni anaishiwa floti kila jioni, wakala wa kijijini anaishiwa taslimu wakati wa mavuno, na kampuni ina wahandisi wanne kwa miezi mitatu, wanaotosha kumsaidia mmoja tu kati ya hao wawili. Ni yupi, na mwezi wa nne utapima nini ili ujue kwamba ulichagua vibaya?